Karanga za Kando

Siku ya tatu ya kilio cha Mapendo, binti yake Ester, aliyekuja kutoka Ubelgiji, alifungua kipakiti kidogo na kumimina mbegu nyeupe kwenye sahani, katikati yetu sisi wanawake tuliokuwa tumeketi kwenye mkeka. Zilikuwa ndogo, ndefu kidogo, zenye mafuta, rangi ya meno ya mtoto. Alisema ni mbegu za msonobari. Wanawake wakacheka kile kicheko cha msibani ambacho hukatika kabla hakijafika mbali, kwa sababu misonobari sote tunaijua, imepandwa juu ya vilima njia ya kwenda Walungu, na hakuna aliyewahi kusikia kwamba inaliwa. Ester akaeleza kwamba hii si kama ile ya kwetu, ambayo mbegu zake ni ndogo na zina ubawa wa kupeperushwa na upepo. Hii inaota kusini mwa Ulaya. Matunda yake magumu yenye magamba huanikwa juani mpaka yafunuke, halafu kila mbegu inavunjwa ganda lake. Nilionja. Zilikuwa laini, na nyuma ya ulimi zikaacha ladha ya karanga changa. Kisha, kwa mazoea ya mtu aliyefanya kazi ya chakula maisha yake yote, niligeuza kipakiti nikasoma Kifaransa kilichoandikwa nyuma: kikishafunguliwa mbegu ziwekwe penye baridi, pakavu, na ziliwe upesi kabla mafuta hayajaharibika. Nikakirudisha kipakiti chini. Ester akaniambia, "Tantini, maman alikuwa anasema mulikaa mwaka muzima ku Nyawera, munachambua karanga. Ilikuwa namna gani, ule mwaka?" Nikamjibu, "Tulikuwa tunachambua karanga." Watu wengine wakaingia kutoa pole, naye hakuuliza tena. Ninayoandika hapa ni yale niliyoshindwa kumwambia.

Namna nilivyofika Nyawera, mtaa wa soko mjini Bukavu, haina haja ya kuelezwa sana. Mwaka ule watu wengi wa vijijini walifika Bukavu kwa namna moja, kila mtu na alichoweza kubeba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa nimesoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari, na Maman Nsimire alinipokea kwa sababu alihitaji mtu anayesoma Kifaransa. Alikuwa mjane, mnene, mzito wa sikio la kushoto, na alikuwa na depo ya karanga nyuma ya soko. Nasema depo, lakini ilikuwa nyumba ya mbao yenye vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa cha magunia. Chumba cha nyuma kilikuwa chetu: Maman Nsimire kwenye kitanda, mimi na Mapendo kwenye godoro moja, na katikati yetu Neema, mtoto wa Mapendo, ambaye alikuwa na miaka miwili na alilala amenishika sikio. Baba yake Neema alikuwa ameenda Kamituga kuchimba dhahabu, na tangu mvua za mwaka uliotangulia hakuna aliyeleta habari zake. Mapendo hakumzungumzia. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja tu, lakini kwa sababu ya mtoto nilimwona kama dada mkubwa sana, na alipenda kunituma.

Kazi yetu ilikuwa kuchambua. Magunia yalitoka Bunyakiri, kwenye lori, chini ya bashe, yaani turubai, yakiwa na karanga zilizokwisha kubanguliwa. Tulikaa mlangoni penye mwanga, kila mmoja na lungo lake mapajani, na vidole vilitenga kabla hata macho hayajaamua. Karanga nzima, ngumu, yenye ngozi nyekundu iliyokaza, ilikwenda kwenye beseni la kwanza: hiyo ilikuwa ya masista, waliokuwa na kituo cha lishe upande wa pili wa soko, ambako watoto waliokonda walipikiwa uji wa mahindi, soya na karanga. Iliyovunjika lakini safi ilikwenda kwenye beseni la pili, isagwe na kuuzwa. Beseni la tatu lilikuwa la zile zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zenye vumbi la kijani au la njano kwenye kiini. Hizo tuliziita za kando. Nilipofika nilidhani za kando zinatupwa. Siku ya kwanza, saa sita, Mapendo alichukua beseni la tatu, akaziosha, akazikaanga juu ya makaa, akazisaga kwa chupa juu ya jiwe, na akazitia katika sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Tulikula na ugali wa muhogo, sisi wote wanne kutoka sahani moja, na Maman Nsimire ndiye aliyeomba aongezewe. Sombe ile ilikuwa nzuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Nimekula katika hoteli tangu wakati ule, na sijala sombe iliyonishibisha kama ile.

Bukavu ni mji ambao jina lake linasikika kama ukavu, na hakuna kinachokauka ndani yake. Mvua inatunyeshea karibu miezi tisa, na inapopumzika ukungu wa ziwa unapanda vichochoro. Kuta za mbao za depo zilikuwa na jasho asubuhi. Nilikuwa sijawahi kufikiria mambo hayo mpaka siku Maman Nsimire aliponituma kwa masista, kwa sababu walikuwa wamewaita wote wanaoleta chakula kituoni waje kufundishwa, na yeye kwa sikio lake hakutaka kwenda. Tulikuwa wanawake kama kumi katika darasa la katekisimu. Aliyefundisha ni Sista Helena, mwembamba, mwenyeji wa Kabare, aliyesomea uuguzi. Alianza kwa kutuambia kwamba karanga haikuzaliwa kwetu. Ilitoka Amerika ikavuka bahari na meli za Wazungu, na kabla yake babu zetu walikula njugu mawe. "Sasa iko yetu," alisema, "na iko nyama ya batu bale habana nyama. Kiganja kimoja tu kinamupatia mutoto mafuta na nguvu. Lakini iko na adui." Akamwaga kwenye sahani nyeupe karanga kumi hivi, na sikuwa na haja ya kusogea karibu kuzitambua. Zilikuwa za kando.

Alitufundisha mambo ambayo baadaye niliyafundisha mimi mwenyewe kwa miaka mingi. Karanga ianikwe mpaka ukiitikisa isikike ikicheza ndani ya ganda. Ibaki na ganda lake kama unataka ikae. Gunia lisiguse sakafu wala ukuta, liwekwe juu ya mbao. Usifunike kilicholowa kwa bashe, maana kitachemka na kuota. Kati ya kavu na kuvu, alisema, ni herufi moja tu, na wanawake wakacheka. Halafu akaacha kucheka. "Ile kuvu inatoa sumu," alisema. "Ukikaanga, kuvu inakufa, lakini sumu inabakia. Moto hauiwezi. Ukisaga, inabakia. Inaenda mu ini. Ku mutu mukubwa inaweza kungojea miaka mingi. Ku mutoto haingojee." Mwanamke mmoja akauliza kama basi wawape nguruwe. Sista akasema hata nguruwe asipewe, zitupwe shimoni zifukiwe. Nikaandika yote katika daftari, kwa Kifaransa, kwa mwandiko mzuri, kwa sababu nilikuwa najivunia mwandiko wangu.

Niliporudi nilimkuta Maman Nsimire peke yake; Mapendo alikuwa ameenda kuteka maji na Neema mgongoni. Nikamsomea daftari karibu na sikio lake la kulia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama beseni la tatu, lililokuwa limejaa, na mlangoni, na tena beseni.

"Mie nimezikula tangu niko mudogo," akasema. "Niko hapa."

"Sista anasema ni watoto, maman. Watoto ndio…"

"Nimesikia. Sina ugonjwa wa sikio zote mbili."  "Zile nzuri ni za masista. Nikizikula, kesho hawatanunua kwangu, na tutakaa wote wanne mu barabara. Zile za kando nikizitupa, mutakula nini? Niambie. Uko na masomo."

 Akanishika mkono, si kwa ukali, na hiyo ndiyo inayonisumbua, kwamba hakuwa mkali. "Usimuambie Mapendo," akasema. "Atashindwa kula, atashindwa kumupatia mutoto, na mie sina kitu ingine ya kubapa. Acha mvua iishe. Mvua ikiisha tutaona." Mapendo akaingia na bidoni la maji. Akaniuliza Sista amefundisha nini. Nikamwambia amefundisha kwamba karanga ilitoka Amerika. Akacheka, akamwambia Neema, "Unasikia? Unakula ya Amerika."

Niliwahi kujaribu njia nyingine, na ninaiandika si ili nijitetee. Juma lililofuata, tulipopeleka magunia kituoni, nilimbeba Neema na kumwomba Sista Helena amwandikishe kwa ajili ya uji. Sista alichukua ule utepe wa rangi wa kupimia mkono wa mtoto, akauzungusha juu ya kiwiko cha Neema, akaukaza. Ulisimama kwenye kijani. Nyuma yetu kulikuwa na mstari wa akina mama unaotoka nje mpaka barabarani, na watoto wao walikuwa kwenye nyekundu, wengine walikuwa hawana nguvu ya kulia. "Huyu iko muzima," Sista akasema, na akampapasa shavu. "Maman yake anamukula vizuri?" aliuliza akikosea kwa uchovu, na mwenyewe akatabasamu. "Anamulisha vizuri?" Nikasema ndiyo. Pale ningeweza kumwambia kinacholisha shavu lile. Ningeweza kusema maneno matano tu. Lakini magunia yetu yalikuwa kwenye mizani, na Maman Nsimire alikuwa amesimama kando yake akinitazama, nami nikatoka na mtoto.

Mvua haikuisha. Katika ile mvua, barabara ya Bunyakiri ikafungwa na watu wenye silaha, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Lori letu lilikwama kizuizini siku nane, magunia yamefunikwa na bashe, maji yakiingia chini na joto likitoka juu. Lilipofika Nyawera na wapagazi wakaanza kushusha, nilisikia harufu kabla sijaona, harufu ya udongo wa kaburi lililochimbwa asubuhi. Tulifungua gunia la kwanza, na mkono wangu ukaingia kwenye uvuguvugu. Maman Nsimire alikaa chini palepale kwenye matope. Tulichambua majuma mawili. Beseni la kwanza lilijaa polepole sana, na beseni la tatu tulilimwaga kwenye gunia, tukaanza tena, tukalimwaga, mpaka za kando zikawa magunia manne yaliyoegemea ukuta wa chumba chetu cha kulala. Sokoni muhogo ulipotea, kisha ukarudi kwa bei ambayo hatukuiuliza mara mbili. Tukala karanga. Asubuhi uji mwepesi wenye karanga, saa sita karanga zilizochemshwa, jioni majani ya lenga-lenga na karanga. Mimi nilianza kula kidogo. Nilisema tumbo linauma. Mapendo akanigombeza kwamba ninajidekeza, akachukua sehemu yangu akampa mtoto. Nilimtazama akimpa.

Neema alianza kwa kutapika. Mapendo akasema ni minyoo, akampa dawa ya majani. Kisha miguu ikavimba, tumbo likawa gumu, na asubuhi moja nilipomwosha uso niliona weupe wa macho yake umekuwa njano kama kiini cha yai. Tukampeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimtazama macho, akamminya ubavuni, akauliza anakula nini. Mapendo akajibu, "Uji, na karanga, na ndizi." Muuguzi akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia chakula chema, akasema ini lina ugonjwa, apewe sukari, apelekwe hospitali kubwa kama itawezekana. Haikuwahi kuwezekana. Siku ya sita, saa nne ya asubuhi, jua likiwa limetoka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi na Maman Nsimire ameanika mikeka nje, Neema alitoa damu puani na akafa mikononi mwa mama yake, amekaa. Mapendo hakupiga kelele. Aliendelea kumpangusa pua. Mimi nilisimama na kikombe cha maji ya sukari, na nakumbuka nilikinywa.

Katika mji wetu mtoto hafi hivihivi. Kabla hatujarudi kutoka makaburini, neno lilikuwa limekwisha kutembea: karuho. Kila mtu wa Bukavu analijua neno hilo na woga wake, sumu ya siri ambayo mtu anampa jirani katika chakula, na hakuna anayekufa kwa tumbo au kwa ini bila mtu kuulizwa nani alimpa kula. Na jibu lilikuwepo. Mlango wa tatu kutoka kwetu aliishi bibi mmoja peke yake, tukimwita Koko, aliyekuwa anauza ndizi mbivu juu ya kimeza kidogo cha mbao, na ambaye kila Neema alipopita alimpa moja. Siku ya pili ya kilio wanawake waliketi nasi chumbani, migongo yao imeegemea yale magunia manne, na niliwasikia wakisema, sauti zao zimeshushwa.

"Bazee bale banakaa bo peke, banafanya nini?"

"Ndizi ya bure kila siku. Juu ya nini?"

"Watoto wake yeye bako wapi? Uliza. Wote banne balikufa."

Maman Nsimire alikuwa pale, amegeuza sikio lake zito upande wao, na sijui kama alisikia au hakusikia. Mapendo alikuwa amelala ameelekea ukuta. Nilisubiri aseme kitu. Nilijisubiri mimi mwenyewe.

Kesho yake mchana vijana walikuja na mawe. Walimtoa Koko nje, akiwa na kitambaa kimoja tu kichwani, hana viatu. Walianza na bati za nyumba yake. Nilikuwa sijajua jinsi paa la mtu linavyotoka upesi. Alikuwa akisema kwa Mashi, kisha kwa Kiswahili, kwamba alimpenda yule mtoto, kwamba wamlete padri, kwamba ataapa. Jiwe moja lilimpata kwenye bega. Alituona mimi na Mapendo mlangoni, akaanza kuja kwetu, akinyoosha mikono. "Maman Neema," akaita. "Waambie. Mutoto alikuwa anakuja kwangu kila siku. Waambie." Watu wote wakageuka kumtazama Mapendo. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, na midomo yake ilifunguka. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Mimi nikabaki nje, mgongo wangu kwenye mbao. Nilikuwa na daftari ndani, lenye tarehe na maneno ya Sista kwa mwandiko mzuri. Nilifikiri: nikisema ni karanga, watauliza karanga za nani, na mawe yatakuja huku. Nilifikiri hivyo kwa utulivu kabisa. Watu wanasema woga unamfanya mtu achanganyikiwe. Mimi sijawahi kuwaza sawasawa kama dakika ile. Shefu wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, alifika akiwa amechelewa, akawatuliza vijana kwa kuwaahidi kwamba mzee ataondoka. Koko akaondoka kabla jua halijateremka, akishuka na njia ya soko, na mfuko mmoja.

Siku mbili baadaye Maman Nsimire aliyabeba yale magunia manne mwenyewe, moja moja, hakutaka tumsaidie, akayamwaga kwenye korongo ambako mtaa wote unatupa takataka. Alikuwa hana jembe la kufukia. Alipokuwa akirudi kuchukua la mwisho, wanawake na mabeseni walikuwa wameshateremka, wakiokota. Akapiga kelele, "Muache! Iko na sumu! Itaua batoto benu!" Mwanamke mmoja akanyanyua kichwa akamwambia, "Unatupa chakula na njaa hii, na tena unatunyima takataka?" Mwingine akasema, taratibu zaidi, "Sumu gani? Unajuaje?" Maman Nsimire akasimama pale na gunia tupu begani. Nilimwona akihesabu kichwani yale niliyoyahesabu mimi mlangoni.  Akageuka, akaja nyumbani, akalala na nguo zake. Biashara ya masista aliiacha mwezi uliofuata, nasi tukatawanyika. Alikufa miaka kumi baadaye huko Bagira, na walioniletea habari walisema tumbo lake lilikuwa limejaa maji.

Nimeishi vizuri, kama mtu anaweza kusema hivyo. Nilipata kazi ya kuzunguka vijijini kuwafundisha akina mama kuhifadhi karanga na mahindi, nimeifanya mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na najua kuna watoto ambao wako hai kwa sababu ya maneno yangu. Nilikuwa nikiwaonyesha karanga kumi kwenye sahani nyeupe. Wakati wa maswali nilikuwa nikiulizwa kama nimewahi kuona mtoto aliyekufa kwa sababu hiyo, na nikisema, "Nimesikia." Koko nilimwona mara moja tu, Kadutu, miaka mitatu baada ya mwaka ule. Alikuwa amekaa juu ya jiwe na vifungu vya kuni mbele yake. Nilitaka kupita, lakini alinitambua yeye kwanza. Hakuuliza lolote la mtaa. Aliniuliza, "Mwana wangu, ule maman alipataka mutoto mwingine?" Nikamwambia ndiyo, msichana, anaitwa Ester. Akaunganisha mikono akamshukuru Mungu. Nikanunua kuni ambazo sikuzihitaji na kuzibeba mpaka zilipopotea machoni pake, nikaziweka chini ukutani kwa watu.

Mapendo na mimi tulibaki marafiki. Tulisimamiana harusi, tulizikiana wazazi. Mwaka ule hatukuwahi kuutaja. Mwanzoni mwa mwaka huu alianza kukonda, na macho yake yakawa na rangi niliyoijua. Hospitalini walimpiga picha wakaona ini limejaa vivimbe. Daktari, kijana mpole, alimuuliza kama anakunywa pombe, kama aliwahi kuchomwa sindano chafu, akasema magonjwa hayo yana sababu nyingi na mara nyingi haijulikani ipi. Hakutaja karanga, na mimi siwezi kuthibitisha chochote. Mimi nimepimwa pia. Ini langu ni zima.

Nilikuwa naye peke yangu siku moja mchana. Ester alikuwa bado hajapata viza ya kuja. Wodi ilikuwa na vitanda sita, na kwenye kile cha jirani mama mmoja alikuwa akimsimulia dada yake habari ya mashini ya kusaga iliyoharibika. Nilikuwa namlisha uji kwa kijiko, wa mahindi tu. Akageuza kinywa.

"Nabintu," akasema. "Unamukumbuka Koko?"

"Namukumbuka."

"Hakumuua mutoto wangu."

Nikaweka kijiko ndani ya kikombe.

"Ni zile za kando," akasema. "Zilikuwa chungu. Kila asubui nilikuwa naonja uji mbele ya kumupatia, nasikia ile uchungu, naongeza chumvi. Nilikuwa najua haiko muzuri. Siku bijana balikuja na mawe, na Koko ananiita, nilisema mu roho yangu: kama si yeye, basi ni mie. Njo nikafunga mulango." Alipumua muda mrefu. "Sijaambiaka mutu. Hata padri." Kisha akanitazama na yale macho ya njano. "Na wewe? Ulijuaka?"

Nilikuwa nimekuwa na karibu miaka thelathini ya kutayarisha jibu. Yeye alijua uchungu tu, uchungu kama wa mboga yoyote iliyokomaa. Mimi nilijua jina la sumu, na kwamba moto hauiwezi, na kwamba kwa mtoto haingojei. Nilijua kabla kijiko cha kwanza cha lile gunia lililolowa hakijaingia kinywani mwa Neema. Yule mama wa kitanda cha jirani akacheka jambo fulani la mashini yake.

"Mie sikujua," nikasema. "Nimekuja kujua nyuma. Ku kazi."

Mapendo akafumba macho. Uso wake ukalegea, nami nikaona kwamba alikuwa ameogopa jibu langu kuliko mimi nilivyoogopa swali lake.

"Mungu alikuhurumia," akasema. "Ni muzuri. Mutu moja akijua inatosha."

Akaniomba nimgeuze upande wa dirisha. Nikamgeuza, nikamwekea mto mgongoni, nikakaa naye mpaka saa za kutembelea wagonjwa zikaisha. Alikufa siku nne baadaye, akiamini kwamba katika kosa lile alikuwa peke yake.